Mkalimani wa Hifadhidata: Kusakinisha na Kusanidi Viendeshi

Kiendeshi cha hifadhidata, ambacho mafundi wengi hukiita draiva, ni programu ndogo inayokaa kati ya programu ya biashara na hifadhidata inayotunza kumbukumbu zake. Programu ya uhasibu, ya mishahara au ya bohari haichoti data moja kwa moja kwenye diski. Huandika ombi kwa lugha ya SQL na kulikabidhi kwa kiendeshi. Kiendeshi hulifunga ombi hilo kwa utaratibu ambao seva husika inauelewa, hulipeleka kwenye mtandao, kisha hupokea majibu na kuyageuza kuwa namba, tarehe na maneno yanayosomeka na programu. Kazi yake ni ya mkalimani: hana neno lake mwenyewe, lakini akikosekana au akikosea, pande mbili zilizo nzima kabisa hazielewani.

Hitilafu nyingi za muunganisho huzaliwa hapo katikati, wakati programu na hifadhidata zote ni nzima. Kiendeshi cha biti 64 kimewekewa programu ya biti 32. Kiendeshi cha miaka kumi iliyopita kimekutana na seva mpya. Jina limeandikwa kwenye orodha moja na linatafutwa kwenye nyingine. Kila kosa la aina hii lina mahali pake katika safari ya ombi, na fundi anayeijua safari hiyo hatua kwa hatua hupata kosa bila kubahatisha.

ODBC na JDBC

Hadi mwisho wa miaka ya 1980, kila kampuni iliyouza hifadhidata ilikuwa na njia yake ya kuunganishwa. Mwandishi wa programu aliyetaka bidhaa yake ifanye kazi na hifadhidata nne aliandika sehemu ya mawasiliano mara nne. Programu 5 na hifadhidata 4 zilidai viungo 20. Kukiwa na lugha moja ya kati, kila programu hujifunza lugha hiyo mara moja, na kila hifadhidata huletewa mkalimani wake mmoja: viungo 20 hushuka kuwa 9.

Fikra hiyo ilifanyiwa kazi na SQL Access Group, umoja wa kampuni za kompyuta ulioanzishwa mwaka 1989. Mwaka 1992 Microsoft ilitoa ODBC, lugha ya kati ya namna hiyo, na mwaka 1995 msingi uleule ukaingizwa katika viwango vya kimataifa vya SQL. ODBC iliandikwa kwa ajili ya lugha ya C na jamaa zake. Lugha ya Java iliposhika kasi, Sun Microsystems ilitoa JDBC ndani ya JDK 1.1 mwezi Februari 1997. Mwanzoni palikuwa na daraja la kuiwezesha Java kutumia viendeshi vya ODBC, lakini daraja hilo liliondolewa katika Java 8 iliyotoka mwaka 2014. Mwongozo wowote unaotaja darasa la sun.jdbc.odbc.JdbcOdbcDriver umepitwa na wakati.

Katika ODBC kuna watendaji wawili. Wa kwanza ni msimamizi wa viendeshi, ambaye huja pamoja na Windows, na ambaye kwenye Linux kwa kawaida ni unixODBC. Huyu hupokea ombi la programu, huangalia orodha yake, na kukiita kiendeshi kinachotakiwa. Wa pili ni kiendeshi chenyewe, ambacho hutengenezwa na mwenye hifadhidata au na kampuni nyingine. Kumsakinisha mmoja hakumleti mwenzake kila mara, na sehemu kubwa ya usumbufu kwenye Linux hutokana na kulisahau hilo. Katika JDBC mpangilio ni mwepesi zaidi: kiendeshi ni faili la jar, na Java hukitambua kwa kuangalia mwanzo wa anwani ya muunganisho.

Mambo manne ya kuhakikisha kabla ya kupakua

La kwanza ni biti. Kinachoamua ni biti za programu itakayokiita kiendeshi, wala si za kompyuta. Excel ya biti 32 iliyo kwenye Windows ya biti 64 huhitaji kiendeshi cha biti 32, kwa sababu kiendeshi hupakiwa ndani ya programu yenyewe, na programu ya biti 32 haiwezi kubeba maktaba ya biti 64. Ofisi yenye programu za aina zote mbili husakinisha viendeshi vyote viwili.

La pili ni umri wa kiendeshi ukilinganishwa na seva. Seva zikibadilisha namna ya kuhakiki nenosiri, viendeshi vya zamani hubaki nje ya mlango. MySQL 8.0, iliyotoka mwaka 2018, ilianza kutumia caching_sha2_password kama njia yake ya kawaida. PostgreSQL 14 ya mwaka 2021 ilifanya hivyo kwa SCRAM-SHA-256, na kiendeshi cha zamani cha Java kikikutana nayo hulalamika kwamba hakiijui njia ya uhakiki namba 10. Nenosiri linaweza kuwa sahihi herufi kwa herufi na mlango usifunguke. Dawa ni kiendeshi kipya. Kuirudisha seva kwenye njia dhaifu ni kuhamisha tatizo.

La tatu ni orodha ya mwuzaji wa programu. Mifumo mikubwa ya biashara hutaja matoleo ya viendeshi yaliyojaribiwa, na toleo jipya kuliko yote si lazima liwemo. La nne ni leseni. Baadhi ya programu hazifungashi viendeshi vyote kwa sababu masharti ya ugawaji hayaruhusu. Jira, kwa mfano, huja bila kiendeshi cha MySQL, na msimamizi hulazimika kukipakua na kukiweka mwenyewe kwenye folda inayotakiwa.

Kusakinisha kwenye Windows

Viendeshi vingi vya ODBC vya Windows husakinishwa kwa faili la msi, na anayesakinisha huhitaji haki za usimamizi. Baadhi, kikiwemo cha MySQL, hutegemea maktaba za Visual C++ ambazo lazima ziwepo kwanza. Kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja, kazi hufanywa kimyakimya kwa amri. Kiendeshi cha SQL Server huwekwa hivi:

msiexec /i msodbcsql.msi /qn IACCEPTMSODBCSQLLICENSETERMS=YES

Baada ya kiendeshi kuwepo, husanidiwa chanzo cha data, kinachojulikana kwa kifupi kama DSN. Hiki ni jina fupi linalobeba maelezo marefu: kiendeshi gani, seva gani, hifadhidata gani. Kuna DSN ya mtumiaji, inayoonekana kwa aliyeiunda tu, na DSN ya mfumo, inayoonekana kwa kila anayetumia kompyuta hiyo. Tofauti hiyo huleta kisa kinachojirudia. Fundi huunda DSN ya mtumiaji, huijaribu, inafanya kazi, naye anaondoka. Usiku programu ya ripoti inaamka kama huduma ya Windows, chini ya akaunti yake yenyewe, na haioni kitu. Kwa programu yoyote inayoendeshwa kama huduma, DSN huwa ya mfumo.

Mtego mwingine umo kwenye majina ya folda. Windows ya biti 64 ina zana mbili za kusimamia ODBC, na zote mbili huitwa odbcad32.exe. Iliyo ndani ya folda ya System32 ni ya biti 64. Iliyo ndani ya SysWOW64 ni ya biti 32. Majina yamepishana na maana, na sababu ni ya kihistoria: Microsoft iliiacha System32 kuwa makao ya maktaba kuu za mfumo hata mfumo ulipohamia biti 64, na za zamani zikatafutiwa chumba kingine. DSN za mfumo zilizoundwa katika zana moja hutunzwa kando na za nyingine. Kuanzia Windows 8, njia za mkato kwenye menyu zimeandikwa wazi ni ya biti ngapi, lakini anayeandika odbcad32 kwenye dirisha la amri bado anaweza kufungua isiyo yake.

Njia salama zaidi ni kuunda DSN kwa amri ya PowerShell, ambayo humwezesha mwandishi kutaja wazi biti na aina:

Add-OdbcDsn -Name "Mauzo" -DriverName "ODBC Driver 18 for SQL Server" -DsnType "System" -Platform "64-bit" -SetPropertyValue @("Server=seva-mauzo,1433", "Database=Mauzo")

Amri ya namna hii huhifadhiwa kwenye faili, na kompyuta ya kumi hupata usanidi uleule wa kompyuta ya kwanza, bila mtu kubofya vidirisha kwa kumbukumbu.

Kusakinisha kwenye Linux

Kwenye Linux huanza unixODBC, kisha kiendeshi. Usanidi hukaa katika mafaili mawili ya maandishi. Faili la odbcinst.ini huorodhesha viendeshi na mahali maktaba zao zilipo. Faili la odbc.ini huorodhesha vyanzo vya data. Kwa kawaida yote mawili huwa ndani ya /etc, lakini si kila mara, na amri ya odbcinst -j huonyesha ni mafaili gani hasa yanayosomwa. Ni amri ya sekunde moja inayoweza kuokoa saa nzima ya kuhariri faili ambalo halisomwi na yeyote.

Chanzo cha data cha PostgreSQL kinaweza kuandikwa hivi:

[Mauzo]
Driver = PostgreSQL Unicode
Servername = 10.0.0.20
Port = 5432
Database = mauzo

Jina lililo mbele ya Driver lazima lifanane kabisa na kichwa kilichomo kwenye mabano ya odbcinst.ini. Jaribio hufanywa kwa isql -v Mauzo, likifuatiwa na jina la mtumiaji na nenosiri. Kila kitu kikiwa sawa, hutokea neno Connected na mahali pa kuandika SQL.

Ujumbe mmoja wa unixODBC umewapotezea mafundi muda mwingi: ule unaodai kwamba maktaba ya kiendeshi haiwezi kufunguliwa kwa sababu faili halikupatikana. Fundi huangalia folda, na faili lipo. Huangalia ruhusa, nazo ni sawa. Kinachokosekana mara nyingi ni maktaba nyingine ambayo kiendeshi hicho kinaitegemea, na mfumo haukuitaja kwa jina. Amri ya ldd ikielekezwa kwenye faili la kiendeshi huorodhesha maktaba zote kinazohitaji, na ile isiyokuwepo huonekana na maneno not found mbele yake. Ikishasakinishwa hiyo, malalamiko huisha.

Viendeshi vya Java

Mifumo mingi ya taasisi imeandikwa kwa Java na hutumia JDBC. Hapa kusakinisha maana yake ni kuweka faili la jar mahali ambapo programu italiona. Seva ya Tomcat hutumia folda yake ya lib. Programu nyingine zina folda zao zilizotajwa kwenye miongozo. Tangu JDBC 4.0, iliyokuja na Java 6 mwaka 2006, jar iliyowekwa mahali sahihi hujitambulisha yenyewe, na programu haina haja ya kutaja jina la darasa lake.

Jina la jar lenyewe hubeba habari. Kwenye viendeshi vya Oracle, ojdbc8 imekusudiwa Java 8 na kuendelea, na ojdbc11 Java 11 na kuendelea. Viendeshi vya SQL Server navyo huishia na jre8 au jre11. Jar iliyotengenezwa kwa Java mpya haifunguki kwenye Java ya zamani. Kosa lingine la kawaida ni kuongeza jar mpya bila kuondoa ya zamani. Zikikaa mbili kwenye folda moja, huwezi kujua kwa hakika ipi itatangulia kupakiwa, na seva inaweza kuonyesha tabia mpya leo na ya zamani kesho baada ya kuwashwa upya.

Mfano ulio karibu na wasomaji wengi wa Afrika Mashariki ni DHIS2, mfumo wa taarifa za afya uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Faili lake la usanidi, dhis.conf, lina mistari michache tu ya muunganisho, na mmoja wake husomeka hivi: connection.url = jdbc:postgresql:dhis2. Seva haikutajwa, wala poti, kwa sababu kiendeshi cha PostgreSQL kisipoambiwa huchukulia kwamba hifadhidata iko kwenye mashine hiyohiyo, poti 5432. Siku hifadhidata inapohamishiwa mashine nyingine, mstari huo hurefushwa na kuwa jdbc:postgresql://10.0.0.20:5432/dhis2.

Anwani, poti na usimbaji

Iwe kwa DSN au kwa anwani ya JDBC, kiendeshi huhitaji kuambiwa mambo yaleyale: seva, poti, hifadhidata, mtumiaji na namna ya kulinda mawasiliano. Poti za kawaida ni 1433 kwa SQL Server, 1521 kwa Oracle, 3306 kwa MySQL na 5432 kwa PostgreSQL.

Uandishi wake una tofauti ndogo zenye madhara makubwa. Katika ODBC ya SQL Server, jina la seva na poti hutenganishwa kwa mkato: seva-mauzo,1433. Katika JDBC hutenganishwa kwa nukta mbili. Katika JDBC ya Oracle, nukta mbili kabla ya jina la mwisho humaanisha SID, na mkwaju humaanisha jina la huduma. Anayechanganya alama hizo huambiwa kwamba seva haijui kitu anachokitafuta, ingawa jina lenyewe ni sahihi.

Seva nayo hupaswa kuwa tayari kusikiliza. PostgreSQL iliyotoka kusakinishwa husikiliza mashine yake tu. Hufunguliwa kwa kubadilisha listen_addresses, kisha kuruhusu anwani za wateja ndani ya pg_hba.conf. SQL Server ya toleo la Express huja TCP/IP ikiwa imezimwa. Faiawoli iliyo kati ya ofisi na chumba cha seva huhitaji kuruhusu poti hiyo moja, kutoka kwenye anwani zinazohusika tu.

Kwa upande wa usimbaji, mabadiliko ya mwaka 2022 yaliwashtua wengi. Kiendeshi namba 18 cha ODBC cha SQL Server kilianza kudai mawasiliano yaliyosimbwa bila kuambiwa, tofauti na namba 17. Ofisi zilizosasisha kiendeshi ziliona muunganisho uliofanya kazi kwa miaka ukikataliwa kwa sababu cheti cha seva hakikutolewa na mamlaka inayoaminika. Njia ya mkato ni kuandika TrustServerCertificate=yes, ambayo huambia kiendeshi kikubali cheti chochote. Mawasiliano hubaki yamesimbwa, lakini kiendeshi hakihakikishi tena kwamba kinaongea na seva halisi. Hilo linavumilika kwenye mashine ya majaribio. Kwenye mfumo wa mishahara, seva hupewa cheti halali, na kompyuta hufundishwa kuiamini mamlaka iliyokitoa.

Akaunti ya kuunganishia huwa ya programu husika peke yake, yenye ruhusa inazozihitaji na si zaidi. Programu ya ripoti husoma tu. Haipewi akaunti kuu ya usimamizi kama sa, root au postgres. Nenosiri lililoandikwa ndani ya odbc.ini lililoko /etc linaweza kusomwa na kila mwenye akaunti kwenye seva hiyo endapo ruhusa za faili hazikubanwa, kwa hiyo hubanwa, au nenosiri huwekwa mahali pengine.

Kusoma ujumbe wa hitilafu

Ujumbe wa hitilafu huonyesha mahali ombi lilipokwamia, na mafundi wazoefu huanza kwa msimbo kabla ya maneno.

Msimbo wa IM002 katika ODBC humaanisha kwamba ombi halijatoka hata nje ya kompyuta: msimamizi wa viendeshi hakulipata jina la DSN. Huangaliwa tahajia, aina ya DSN na biti. IM014 husema waziwazi kwamba biti za kiendeshi na za programu hazilingani. Katika Java, ujumbe wa No suitable driver una maana ya karibu na hiyo: ama jar haipo mahali pake, ama anwani imekosewa mwanzoni.

Msimbo wa 08001 humaanisha kwamba kiendeshi kimepatikana lakini muunganisho haukukamilika. Sasa huulizwa maswali ya mtandao. Kwenye Windows, Test-NetConnection seva-mauzo -Port 1433 hujibu kama poti inafikika. Kwenye Linux, nc -vz hufanya kazi hiyo. Ping peke yake haitoshi, kwa kuwa mashine inaweza kuitikia ping huku poti imefungwa, na inaweza kunyamaza kwa ping huku poti iko wazi.

Msimbo wa 28000 ni habari njema kwa sehemu: ombi limefika, seva imejibu, lakini mtumiaji amekataliwa. Hapo mtandao na kiendeshi haviguswi tena. Oracle ina ngazi zilezile kwa namba zake. ORA-12154 ni jina lisilojulikana upande wa mteja, mara nyingi kwa sababu faili la tnsnames.ora halikuonekana. ORA-12541 ni seva isiyo na msikilizaji kwenye poti hiyo. ORA-12514 ni msikilizaji aliyepo lakini asiyeijua huduma iliyotajwa. ORA-01017 ni jina au nenosiri lisilo sahihi. Namba hizi nne ni ngazi za safari moja, na kila ngazi inayovukwa huondoa nusu ya washukiwa.

Pale ujumbe usipotosha, huwashwa ufuatiliaji wa ODBC, unaoandika kila wito kwenye faili. Huzimwa mara tatizo linapopatikana, kwa sababu hupunguza kasi na huweza kuacha data za wateja kwenye faili lisilolindwa.

Akiba ya miunganisho na kasi

Kufungua muunganisho mpya ni kazi ghali: kuna kupeana salamu za mtandao, usimbaji na uhakiki. Mifumo mikubwa hufungua miunganisho kadhaa mapema na kuiweka akiba, kila ombi likiazima mmoja na kuurudisha. HikariCP, mojawapo ya maktaba maarufu za kazi hii katika Java, huruhusu miunganisho 10 isipoambiwa vingine. PostgreSQL, nayo isipobadilishwa, hupokea 100. Seva 5 za programu zenye akiba ya 25 kila moja zinaweza kudai 125, na watakaochelewa watakataliwa. Hesabu hii hufanywa kabla ya mfumo kuanza kazi.

Akiba ina tatizo lake la asubuhi. MySQL hukata muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 28,800, yaani saa 8. Wafanyakazi wakiondoka saa 11 jioni na kurudi saa 2 asubuhi, miunganisho imelala kwa saa 15. Seva imeshaikata yote, lakini akiba haijui. Mtu wa kwanza kuingia hupata ujumbe wa mawasiliano kukatika. Anajaribu tena, na inakubali. Fundi anayeitwa saa 3 hakuti kosa lolote. Tiba ni kuipa miunganisho umri wa juu ulio mfupi kuliko ukomo wa seva, na kuiangalia kabla ya kuiazimisha. Faiawoli zinazokata mawasiliano ya kimya huleta dalili hiyohiyo, wakati mwingine baada ya dakika chache tu.

Kasi ya kusoma nayo hutegemea kiendeshi. Kiendeshi cha JDBC cha Oracle huleta safu 10 kwa kila safari, kisipoelekezwa vingine. Tuseme tawi liko Mwanza, seva iko Dar es Salaam, na safari moja ya kwenda na kurudi huchukua milisekunde 20. Ripoti ya safu 100,000 itahitaji safari 10,000, yaani sekunde 200 za kusubiri mtandao peke yake. Idadi ikipandishwa hadi 500, safari ni 200 na kusubiri ni sekunde 4. Hakuna kebo iliyobadilishwa wala seva iliyonunuliwa. Kiendeshi cha PostgreSQL kina tabia iliyo kinyume: kisipozuiwa, huleta safu zote kwa mkupuo na kuweza kuijaza kumbukumbu ya programu.

Kuhakiki data yenyewe

Neno Connected halimalizi kazi. Kiendeshi hugeuza data, na ugeuzaji unaweza kukosea bila ujumbe wowote. Majaribio ya mwisho hufanywa kwa kumbukumbu chache zilizochaguliwa kwa makusudi.

Ya kwanza ni saa. Seva nyingi za kukodi huendeshwa kwa saa za UTC, ilhali Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ziko saa 3 mbele. Mauzo yaliyofanywa saa 7:30 usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, kwa UTC ni saa 4:30 usiku wa tarehe 30 Juni. Kiendeshi kisipojua saa za eneo, muamala huo huhamia siku ya jana, na kwa ofisi za serikali ambazo mwaka wao wa fedha huanza tarehe 1 Julai, huhamia mwaka uliofungwa. Kiendeshi cha MySQL cha Java kina kipengele cha connectionTimeZone kwa ajili hiyo, na Africa/Nairobi ni thamani inayokubalika.

Ya pili ni majina. Ng'ang'a na Ng'wandu yana ritifaa, na katika SQL alama hiyo ndiyo inayofunga maneno. Programu inayounganisha maandishi ya ombi kwa mkono itaanguka kwa mteja wa kwanza mwenye jina la namna hiyo, na udhaifu huohuo ndio mlango wa wavamizi. Viendeshi vyote vikuu huruhusu thamani kupelekwa kando na ombi. Mfumo uliotumia njia hiyo humpokea Ng'ang'a bila shida. Majina yenye herufi za Kiarabu au Kifaransa hupima jambo jingine, yaani Unicode, na ndiyo sababu kiendeshi cha ODBC cha PostgreSQL huja kwa namna mbili, ANSI na Unicode, ya pili ikiwa ndiyo ya kuchaguliwa.

Ya tatu ni fedha. Kiasi chenye senti na kiasi cha mabilioni husomwa na kulinganishwa na kilichomo kwenye hifadhidata, tarakimu kwa tarakimu.

Majaribio yakipita, huandikwa kumbukumbu ya ukurasa mmoja: jina na toleo la kiendeshi, biti, mahali pa mafaili ya usanidi, anwani na poti, akaunti inayotumika na mwisho wa cheti. Usasishaji unaofuata huanzia kwenye ukurasa huo na kufanywa kwanza kwenye mashine ya majaribio, huku kisakinishi cha toleo la zamani kikihifadhiwa hadi mwezi mmoja wa hesabu ufungwe bila tatizo.